Macho ya Ernestine

Kwa wiki tatu Bibi Remedios alikataa kula chochote kilichopita mikononi mwa Ernestine. Akiona tu bakuli la uji linaingia mlangoni, mzee huyo Mfilipino alijivutia shuka hadi kidevuni na kupiga kelele: "Aswang! Mtoeni huyu!"

Ernestine alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee huko Plymouth, mwaka wa nne tangu atoke kambi ya wakimbizi. Kila asubuhi aliwaogesha na kuwalisha wazee tisa, na magoti yalikuwa yakimuuma tangu theluji ianze. Jumamosi moja, Luz, binti wa Bibi Remedios, alipokuja, Ernestine alimuuliza maana ya neno lile.

Luz aliona haya. "Ni kiumbe cha hadithi za kwetu. Mchana ni mwanamke tu, jirani mpole. Giza likiingia hugeuka mbwa au ndege mkubwa, akawanyonya damu wagonjwa. Mama amesahau mengi, ila hilo hajalisahau. Nisamehe, dada."

Ernestine alikumbuka kwao. Kule Fizi, shangazi yake Euphrasie aliitwa mchawi baada ya watoto wa jirani kufa kwa surua. Walimfukuza kwa mawe, asionekane tena. Ernestine alikuwa na miaka tisa, naye alisimama akitazama.

"Mnamtambuaje?" aliuliza.

"Mtazame machoni. Kama ni aswang, utajiona humo umepinduka, kichwa chini."

Jumatatu Ernestine aliweka bakuli kando, akapiga magoti kwa taabu, akausogeza uso wake karibu na wa mzee.

"Bibi, tazama ndani ya macho yangu. Ukijiona umepinduka, nitaondoka mwenyewe."

Mzee alitazama muda mrefu, pumzi yake ikinuka dawa.

"Nywele zangu zimevurugika," akasema. Kisha akafungua kinywa.

Kesho yake alikuwa amesahau. Kelele zilianza upya, na Ernestine akapiga magoti upya. Ikawa hivyo kila asubuhi, theluji ikayeyuka, Aprili ikapita.

"Omba wakubadilishie chumba," Sosthène, mumewe, alimwambia jioni moja huku akimkanda magoti.

"Na atakayekuja badala yangu, atapiga magoti?"

Sosthène aliendelea kukanda.

Alhamisi moja ya Mei, Ernestine alifika kazini hajalala, mwanawe akiwa na homa nyumbani. Alipiga magoti kama kawaida. Machozi yakamtoka yenyewe, hakuwa na nguvu ya kuyazuia.

Bibi Remedios aliinama, akakunja uso.

"Sijioni," alisema. "Maji ni mengi humo."

"Subiri yakauke, Bibi."

"Haya."

Mzee akashika ncha ya shuka, akampangusa jicho moja, kisha la pili. Wakasubiri pamoja, uji ukapoa.