Mistari Mitupu ya Orodha

Watu wanaopanga maandishi kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara arobaini siwaheshimu, na sijawahi kulificha hilo. Nina kibanda cha sekretaria hapa Baraka, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara kubwa: kompyuta moja, printa moja, mashine ya fotokopi inayokohoa, na paneli ya jua juu ya bati. Takataka zote za maandishi za Fizi hupitia mezani kwangu. Kutoka Ubwari watu huja na flashi iliyofungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki isilowe maji ya ziwa. Ukiifungua unakuta mkataba wa shamba ambao aya zake zimelala ubavu. Kutoka Lulimba zililetwa sheria za kundi la wachimba dhahabu, kurasa ishirini, kila neno ndani ya kisanduku chake. Wanafunzi ndio wabaya zaidi. Mmoja aliniletea kazi yake ya mwisho wa masomo, na kompyuta aliyoitumia, iliyozoea Kifaransa, ilikuwa imegeuza Baraka kuwa "baraque", yaani kibanda, kila mahali. Kijana wa watu ameandika sura nzima kuhusu historia ya mji wa kibanda, na hakuona kitu.

Ugonjwa ni uleule. Mtu ana PDF, karatasi iliyofungwa, haiandikiki. Anaipitisha kwenye simu igeuzwe iwe faili la kuandikia. Simu inaigeuza kama mtu anayehama nyumba kwa kutupa vyombo dirishani. Halafu, badala ya kuniletea, mwenyewe anajifanya fundi: nafasi hapa, mstari mtupu pale, mpaka kwenye kioo cha simu yake paonekane sawa. Kwangu panafunguka jalala.

Ndivyo alivyokuja sekretere wa kamati ya wakimbizi wa Burundi wanaokaa upande wa Lweba. Mtu wa makamo, mkulima wa mihogo, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni, flashi ameibeba kama hostia. Ndani mlikuwa na orodha ya akina mama waliozaa tangu wafike kule, kila mama na mtoto wake, ili watoto waandikiwe vyeti vya kuzaliwa. Ijumaa orodha ilitakiwa ifike ofisi ya serikali kule Fizi. Mtoto ambaye angeandikwa kwa mama asiye wake angebaki bila karatasi, na mtoto wa mkimbizi asiye na karatasi, siku akiulizwa ni wa nani na alizaliwa wapi, hana cha kuonyesha.

"Dada, mu simu ilikuwa muzuri," alisema. "Sijue juu ya nini mu mashini inaharibika."

"Papa, mu simu hata mutu mubaya iko muzuri."

Alicheka kwa adabu. Nikazidi kumdharau kwa kile kicheko.

Jedwali lilikuwa limekufa. Zilibaki safu mbili tu za majina, kushoto akina mama, kulia watoto, na kati ya majina mistari mitupu, pengine miwili, pengine mitatu, imemwagwa ovyo.

"Dada, kuko fasi moja pale..." alianza, akinyoosha kidole kwenye safu ya watoto.

Nilimkatisha. Nilimwambia hii ni kazi yangu, yeye aende zake sokoni arudi baada ya saa moja. Nikafuta kila mstari mtupu, wa kushoto na wa kulia, bila kuhesabu. Nikajenga jedwali upya, vichwa kwa herufi nzito. Chini kabisa mama wa mwisho alikosa mtoto. Nikacheka peke yangu: huyu bwana ameshindwa hata kumalizia, atajaza kwa kalamu. Aliporudi nilimpa karatasi ndani ya bahasha, akaondoka nayo bila kuifungua. Jedwali lilipendeza mno. Nilitaka kusifiwa, kusema kweli, kwa hiyo kesho yake, Jumatano, nilipanda pikipiki mpaka kwao, ambako orodha ingesomwa mbele ya wote kabla ya kupelekwa Fizi.

Akina mama walikaa kwenye mabenchi ya kanisa, watoto mgongoni. Sekretere alisoma jina la mama, kisha la mtoto, na kila mama aliitika. Katikati akamwita mwanamke mmoja aliyekaa pembeni. Alipotaja jina la mtoto, yule mwanamke alisimama. Mgongoni hakuwa na kitu.

"Ule ni mutoto wangu!" mwingine alipiga kelele nyuma yake. "Iko hapa, ku mugongo!"

Kuanzia hapo kila mama alipewa mtoto wa jirani yake. Kelele zikajaa kanisa. Sekretere alitazama karatasi, kisha akanitazama mimi, bila hasira.

"Uyu mama mutoto wake alikufa," alisema polepole. "Tulitoa jina ya mutoto, tukaacha fasi yake wazi. Yeye mwenyewe aliomba abakie mu orodha, juu alizaa sawa bengine. Njo ile nilitaka kukuambia."

Niliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Kati ya mistari yote mitupu niliyoifuta, mmoja ulikuwa na mwenyewe, na mtu pekee aliyejua alikuwa ndiye niliyemfukuza kibandani.

Tulirudi Baraka kwa pikipiki mbili, mimi, sekretere, na yule mama, ambaye alisema lazima aone. Safari hii sekretere alikaa kwenye kiti changu akinisomea majina mawili mawili, mimi nikiandika nimesimama. Hajui kitu kuhusu jedwali, lakini kila mtoto wa kule anamjua pamoja na mama yake. Tulipofika kwenye jina lake, yule mama alisogea karibu na kioo. Kusoma hajui.

"Yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha jina lake, kisha kisanduku cheupe kando yake. Nikamwomba msamaha. Alitikisa kichwa.

"Wakati alisoma jina yangu na mutoto, nilisimama," alisema. "Mi nilizani banajua kitu yenye mi sijue."