Harufu Iliyotutoroka Kila Tukienda kwa Fundi

Gari letu lilinizidi umri kwa miaka sita, na Baba hakukubali nisahau. "Heshimu hii gari," alikuwa akiniambia kila nikibamiza mlango. "Ndiyo ilikutoa hospitali ukiwa na siku mbili." Nami nilikuwa nikimjibu kwamba kwa hesabu hiyo hata nesi anadai heshima, kisha natoka mbio.

Harufu ya petroli ilianza nilipokuwa kidato cha pili, na ilikuwa na tabia zake. Siku za kawaida, Baba akitoka kwetu Muthangari kwenda kazini Hurlingham, mtaa wa karibu, na kurudi, gari lilinuka vumbi na ganda la ndizi nililoficha chini ya kiti. Lakini siku ya kusafiri kwenda nyumbani kijijini Vihiga, hatujafika hata Uthiru pembezoni mwa jiji, petroli ilikuwa imetupanda puani. Mama aliumwa na kichwa hadi Nakuru. Mimi nyuma, nimebanwa kati ya blanketi na sukari ya kumpelekea nyanya yetu, niliivuta kimya kimya kama mtu anayepita karibu na mandazi. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya likizo. Sikuthubutu kumwambia mtu.

Likizo moja ya Agosti, Mama alichoka.

"Baba Watoto, mimi hiyo gari siingii tena. Nikifika kanisani nyumbani watu wanasogea kando kama nimeoga mafuta. Jumamosi dalali anakuja kuichukua."

"Kuichukua nini?"

"Hiyo jiko yako ya magurudumu."

Baba hakumaliza chai. Tulikuwa tumebaki na siku tatu.

Asubuhi yake tulienda kwa fundi wa Uthiru, mara ya tatu mwaka huo. Hatukwenda moja kwa moja. Tulizunguka kwanza mtaa jirani wa Lavington mzima bila sababu yoyote, mpaka mshale wa mafuta ukalala na taa ikawaka. Hiyo ilikuwa sheria ya Baba: gari halilali gereji na mafuta. Ukiliacha na tangi limejaa, alisema, utalikuta na kiu.

Fundi akafungua boneti, akanusa. Akalala chini ya gari, akanusa. Akatoka akijifuta mikono.

"Mzee, hapa hakuna kitu. Hii gari inanuka kama gari."

"Lakini mama yao anasikia petroli."

"Labda tumlete Mama tumfungue boneti," nikasema.

Baba alinitazama kwa jicho la kunirudisha bweni kabla likizo haijaisha. Fundi alicheka, halafu akaitazama boneti tena. "Hebu. Hiyo harufu huja lini?"

"Tukisafiri."

"Na mkisafiri huwa mmeweka mafuta kiasi gani?"

"Tangi huwa limejaa."

Fundi akachungulia dashibodi, akaona ile taa. Baba akaanza kukagua mawingu. Ningenyamaza, lakini kwetu hakuna aliyenilea hivyo.

"Huwa anayamaliza kwanza, fundi. Anasema mtayanyonya."

Fundi aliketi juu ya tairi akacheka hadi machozi. "Mzee! Kwa hivyo mgonjwa unamwacha nyumbani, unaniletea nguo zake?"

Tulikwenda kujaza tangi, fundi akiwa nyuma pamoja nami. Kona ya kwanza tu, harufu hiyo hapo! Sijawahi kuona mtu akifurahia uvundo kama Baba siku ile. Tuliporudi gereji, fundi alimfukuza jirani aliyekuwa na sigara, akaniuliza kama nina poda. Nilikuwa nayo ya kupaka miguu kabla ya mpira wa mikono. Akaipaka kwenye mpira wa bomba unaoshusha mafuta kutoka mdomo wa kujazia hadi tangini, akatikisa gari. Poda ikalowa mahali pamoja, alama ndogo kama kidole. Mpira ulikuwa umepasuka kwa uzee, huko juu ambako mafuta hayafiki ila tangi likijaa. Akaweka mpya. Gari likabaki pale hadi jioni na tangi lake limejaa, na Baba hakuthubutu hata kuutazama mshale.

Ijumaa Mama alikubali kujaribu, mwisho Uthiru. Baba aliendesha kama amebeba mayai. Nyuma nilivuta pumzi mpaka kifua kikaniuma: sabuni ya Mama, vumbi, basi. Harufu ya likizo ilikuwa imekwenda, na ni mimi niliyeichongea. Mpaka leo nikipita kituo cha mafuta na sare ya shule, hupunguza mwendo.

Tulipofika Uthiru Baba akaangalia pembeni. "Mama Watoto, nigeuze?"

Mama alitoa simu, akampigia dalali. "Ndugu yangu, kesho usijisumbue. Hapana, haiuzwi. Nimesema haiuzwi, kwani ni yako?"

Akakata, akamgeukia Baba. "Na wewe unaangalia nini? Endesha."