Msamaha wa Leseni

Wazazi walipofariki niliacha shule, nikabaki na wadogo zangu wanne wa kulisha. Kwa bahati njema, sisi vibarua wa nyaya za umeme mkubwa tulisamehewa leseni, mradi fundi mwenye leseni awepo akitusimamia. Wetu alitusimamia kwa moyo wote akiwa mjini Babati, kwenye foleni ya sukari.

Asubuhi moja kule Nangara, nyapara alinionyesha barua ya msamaha. "Panda nguzo, bwana mdogo. Umeruhusiwa."

"Mzee, umeme umezimwa?"

"Hilo aulizwe fundi."

"Basi namsubiri."

"Utafukuzwa."

"Nikifukuzwa, wadogo zangu watalala njaa siku chache. Nikifa, je?"

Nikakaa chini ya nguzo. Fundi alifika alasiri na nusu kilo ya sukari, akashangaa kusikia kwamba nyapara alidhani umeme umeshazimwa.