Mwatum Aagiza Kofia ya Bwana Harusi

Mwatum binti Shaame alikuwa na mchumba aliyechora kofia za Wete nzima isipokuwa ya harusi yake mwenyewe, na jambo hilo lilimkera mpaka akawa anaongea peke yake jikoni.

Mchumba mwenyewe ni Himid Ngwali, mtoto wa ami yake, ambaye baraza yake pale mtaa wa Jadida haikukauka watu. Unampelekea kitambaa cheupe cha bafta, anakaa na penseli yake, anakuchorea mpango wa viua, vile vitundu vidogo vidogo vinavyoipa kofia sura yake. Kisha unakichukua kwako, mwanamke wako anatoboa na kuzungushia uzi, miezi inapita, macho yanamtoka. Mchoro ukiwa mbovu, hata ushone vipi umejisumbua bure. Na mchoro wa Himid, loo, si mchezo! Mwaka ule wa hamsini na tisa siasa zilikuwa zimepamba moto, wa chama hiki haamkiani na wa chama kile, lakini wote walikaa baraza moja kwa Himid, wamepeana migongo, kila mmoja anangoja zamu yake.

Sasa, kofia ya nikaha huishona bibi harusi. Hiyo ndiyo ada ya ukoo wao, na Mwatum aliingoja tangu yu mdogo, maana mkono wake wa sindano ulisifiwa mpaka na watu waliokuwa na choyo. Harusi imewekwa Shaaban, karafuu zikishaanikwa na kuuzwa. Sindano tayari, nyuzi tayari, roho ndiyo usiseme. Kinachokosekana ni mchoro, na bila mchoro hakuna kofia, na bila kofia Mwatum alishaapa mbele ya shangazi zake kwamba haolewi.

Wala si kwamba Himid hakutaka, maskini ya Mungu. Akija mteja akasema nataka nyota lakini zisiwe nyingi, na baba yangu hapendi ukingo mpana, Himid anacheka, analamba ncha ya penseli, na kahawa haijapoa mtu ana mchoro wake. Lakini akikaa kujichorea yeye mwenyewe, mkono unakuwa mwiko. Anachora jani, analifuta. Anachora duara, anasema aa, hili nilishampa Khatib. Anafuta tena. Kitambaa kilifutwa mpaka kikawa chepesi kama maji ya wali, akachukua kingine, na hicho nacho akakimaliza.

"Vumilia, bint ami," alimwambia Mwatum, yeye nje ya pazia, mwenziwe ndani. "Hii ya kwetu haiwezi kuwa kofia hivi hivi tu."

"Mie nataka kofia hivi hivi tu," Mwatum akajibu. "Mie nataka kofia inayoingia kichwani."

Siku hiyo alinuna kweli. Akakaa uani anachambua mchele kwa hasira, punje nzima zinaruka na kuku wanafaidi. Bi Mize akamtazama weee, halafu akaguna. Bi Mize ndiye bibi yao wote wawili, mzaa baba zao, kikongwe kisicho na jino wala haya, na kama bibi yeyote wa Pemba, yeye alimwita Himid mume wangu na Mwatum mke mwenzangu.

"Mke mwenzangu, una nini? Mume wetu kakufanyani?"

"Hajanifanya kitu, bibi. Ndiyo nongwa yenyewe."

Bi Mize akacheka mpaka akashika mbavu. Mwatum naye akacheka, hakupenda lakini akacheka, kisha akasema kwa uchungu, "Wallahi, ningekuwa mteja ningekuwa nishapata zamani."

Wakatazamana. Kuku wakapata nafasi ya kula vizuri.

"Astaghafiru," Bi Mize akasema polepole, na macho yake yanameremeta. "Mwanangu, lakini mie uongo siusemi. Umri huu nilionao, niende nikajibu nini huko?"

"Nani kakwambia useme uongo? Sema umetumwa. Kwani sikutumi?"

Akamtuma. Kipimo cha kichwa alikipata kwenye kofia kuukuu ya Himid iliyoletwa kufuliwa. Akaizungushia uzi kwa ndani, akaufunga fundo. Kuhusu mchoro wenyewe, Mwatum hakufikiri hata kidogo. Alijua anachokitaka tangu alipoanza kutaka kitu: majani ya mkarafuu na vikonyo vyake, vizunguke kofia nzima, wala mtu asione pa kuanzia wala pa kumalizia.

Siku ya kuagiza alijitia kwenda kumsalimu mama yake Himid, akajibanza ndani, chini ya dirisha la barazani, kanga mdomoni.

"Nimetumwa, mume wangu," Bi Mize akaanza. "Kuna mtu ataka kofia ya harusi."

"Mtu gani, bibi?"

"Mtu. Mwenye kichwa."

"Wa wapi?"

"Basi na wewe! Kofia huchorwa kwa kujua mtu wa wapi?"

Himid akajijibu mwenyewe, "Atakuwa wa Wesha, huko kwa ndugu zako," na Bi Mize akakohoa tu, kikohozi kirefu kisicho na dhambi. Kisha akatoa uzi. Himid akaunyoosha, akautazama, akapiga ukelele.

"Yarabi! Hiki ni kichwa au boga? Bibi, huyu mtu hupita mlangoni kweli?"

Mwatum chini ya dirisha akauma kanga mpaka akatoboa. Mama yake Himid akamuuliza unaumwa? Akatikisa kichwa, machozi yanamtiririka.

Bi Mize akaeleza majani, vikonyo, na ule mzunguko usio na mwanzo. Na hapo Himid akaacha mzaha. Halafu Mwatum akasikia ile sauti aliyoipenda kuliko zote, penseli inatembea juu ya bafta, haraka haraka, na Himid anaimba kwa puani. Alipotupa jicho kwenye upenyo wa dirisha alimwona ameinama, amesahau kahawa, amesahau wateja, mtu amemwamkia hakuitikia. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepewa muwa. Mwatum akafurahi, kisha akaona wivu. Alimwonea wivu mteja, na mteja ni yeye mwenyewe. Haya mambo gani!

Siku zikapita, mchoro hauji. Bi Mize akiuliza, anaambiwa bado kidogo. Hatimaye Himid akamkabidhi kitambaa. Bi Mize akakifungua nyumbani, na humo mlikuwa na nyota, zile nyota za kila siku alizokuwa akimchorea kila mtu.

"Mie nilisema majani!" Mwatum akapandisha sauti. "Nilisema nyota? Wapi nilisema nyota?"

Kabla hajamaliza kulalama, hodi. Himid huyo mlangoni, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, anatweta kama aliyefukuzwa na fahali wa mchezo wa ng'ombe. Akapitisha kitambaa pembeni ya pazia.

"Nimeipata, bint ami," akasema. "Kofia yetu. Imenijia yenyewe."

Mwatum akakifungua. Majani ya mkarafuu yalizunguka, vikonyo vimenyoosha mikono yake midogo, na hata alipokigeuza na kukigeuza hakuona pa kuanzia. Ilikuwa ile ile aliyoiagiza, ila nzuri zaidi ya alivyojua kuagiza. Akataka kucheka, akataka kupiga vigelegele, akataka kumwambia mwizi mkubwa wee. Bi Mize alikuwa ameshaingia chini ya kanga yake, anatikisika kwa kicheko.

"Nzuri," Mwatum akaweza kusema.

Jioni hiyo hiyo alianza kutoboa. Alishona kwa furaha ya wazimu, anacheka peke yake, na mama yake akaanza kumsomea Kul-audhu, akidhani kapandwa na shetani.

Lakini baada ya siku chache Himid akarudi, na safari hii hakutweta. Alisimama nje ya pazia, hakusalimu vizuri.

"Mwatum. Kile kitambaa nirudishie."

"Kwa nini?"

"Si chako. Si changu. Hakikunijia. Kuna mtu alikiagiza, mie nikakipenda, nikamwibia. Nikampa nyota. Tangu nianze kazi hii sijampa mtu mchoro wa mtu mwengine, hata aniombe nini. Na wewe ndiye nimekuletea kitu cha wizi ukishone uje univishe siku ya nikaha. Silali. Kama hutaki kunioa, basi, lakini kitambaa nirudishie nikampelekee mwenyewe."

Alisema "kunioa" badala ya "kuolewa nami" na wala hakusikia alichosema.

Kicheko chote kikamtoka Mwatum. Akakitazama kile kitambaa, majani yameshaanza kutoka kwenye uzi. Kumwambia ni aibu. Msichana aliyejiagizia kofia ya bwana harusi wake mwenyewe, kwa mlango wa nyuma, kwa kumtumia kikongwe! Jadida ikijua, atachekwa mpaka wajukuu wake wachekwe. Na akinyamaza, huyu mtu aliyesimama pale ataondoka na kitambaa, atazunguka Wesha nzima anatafuta kichwa kikubwa.

Akavuta pazia. Si lote, lakini uso ulionekana.

"Mteja ni mie," akasema.

Himid hakuelewa.

"Mie ndiye niliyemtuma bibi. Majani niliyataka mie. Na hicho kichwa unachokiita boga, Himid, shika kwa mkono wako."

Himid akapeleka mkono kichwani. Akaupitisha mbele, akaupitisha nyuma, taratibu, kama anapima. Mwatum akangoja, hajui atatukanwa au ataachwa. Kisha mabega ya Himid yakaanza kutikisika. Akakaa chini pale pale kizingitini, na kanzu yake ya pasi, akacheka mpaka majirani wakachungulia, na Bi Mize ndani akapiga kigelegele bila kuulizwa.

"Mie sikusema uongo!" Bi Mize akapaza sauti. "Nilisema mtu!"

Himid akafuta macho. Akaomba kitambaa, na Mwatum akaogopa kidogo, lakini akampa. Akatoa penseli mfukoni.

"Mteja," akasema, bado anacheka, "nakuomba ruhusa. Niongeze kitu kimoja ambacho hukuagiza."

"Kwa ajili ya nani?"

"Yangu."

Mwatum akaitikia kwa kichwa. Himid akakiweka kitambaa juu ya goti, na mkono unamtetemeka kwa kicheko akachora kikonyo kimoja cha karafuu, kidogo, nje ya mstari wa vyengine, kimepinda upande kama kimelewa. Mchoraji gani angekiacha? Hakukifuta. Akarudisha kitambaa, akaenda zake.

Mashangazi walipokuja kukagua kazi, mkubwa wao akaweka kidole pale pale penye kikonyo kilichopinda. Akamwambia Mwatum kofia ni nzuri lakini hapa pamekosewa, akinyooshe kabla hajakishona, watu wasije wakasema.

Mwatum akatia uzi kwenye sindano, akakishona kilivyopinda.

"Hapo hapajakosewa, shangazi," akasema. "Vyengine vyote niliviagiza. Hiki alinipa."