Seli Zilizodumaa

15 Aprili 2019, Khon Kaen. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi, hakuna mvua.

Ilikuwa sikukuu ya kumwagiana maji na mji mzima ulikuwa umelowa, lakini Nuanchan alikuwa maabara. Seli hazijui sikukuu. Leo zilitimiza siku thelathini na tano, siku ya kuzijaribu, na wodini juu Khamsing, muuza tambi mwenye saratani ya damu, alikuwa akizingoja.

Nuanchan alikuwa na miaka hamsini na mmoja, ishirini na miwili akilea seli. Unachukua seli shina kutoka damu ya kitovu cha mtoto mchanga. Bado hazijaamua zitakuwa nini. Wiki mbili unazilisha ziongezeke. Siku ya kumi na nne unazitilia matone ya ishara, ndiyo yanayozigeuza kuwa askari wa kuua seli gonjwa. Zikikosa ishara, zinadumaa.

Kwa seli hizi, siku hiyo ya kumi na nne iliangukia Jumatatu, wiki tatu zilizopita. Alipofungua mlango alikuta kichupa cha ishara kwenye meza ya Daktari Wirot, dirishani. Daktari alikitoa Ijumaa kuwaonyesha wageni, akasahau kukirudisha kwenye friji. Siku tatu katika joto la Machi, kiyoyozi kimezimwa, na ishara huharibika kwa joto. Kichupa kingine kilikuwapo, ila ufunguo wa kabati la akiba alikuwa nao daktari, na kuuomba ni kumwambia mkubwa wako kwamba amekosea. Nuanchan hakulelewa hivyo. Alikirudisha kile cha mezani kwenye friji kimya kimya, kisha akakitumia.

Sasa alizichanganya seli zake na seli za saratani, akangoja kwa muda wa saa nne. Daktari aliingia shati likichuruzika maji.

"Dada Nuan, hata leo umekauka kama samaki wa chumvi?"

"Samaki wa chumvi haozi, Mwalimu," alijibu, kwa jina la heshima la madaktari wakubwa. "Njoo uone."

Katika kila seli mia za saratani, zilikuwa zimekufa sita.

"Zimelala," alisema daktari.

"Hazikuamshwa."

Daktari hakuuliza ana maana gani. Alivuta daftari la maabara, akaandika: damu ya kitovu ilikuwa dhaifu. "Tutaanza upya."

"Wiki tano nyingine. Khamsing anazo?"

"Hana," alisema, akifuta miwani.

Ukumbini wauguzi walikuwa wameweka bakuli la maji na maua ya asumini. Kama kila mwaka, Nuanchan alimmiminia daktari maji mikononi, jinsi mdogo anavyomwomba mkubwa radhi siku hiyo, ingawa kwa umri alimzidi.

"Nisamehe nilipokukosea, kwa tendo au kwa neno."

"Wewe, dada? Wewe huna kosa."

Nuanchan alilirudisha bakuli mahali pake, akatoka.

Mlangoni alimkuta mke wa Khamsing na chombo cha wali wa kunata.

"Shangazi, zimekua?"

"Hazikukua, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Damu ya kitovu ilikuwa dhaifu."

Mwanamke alifikiri kidogo. "Kumbe ni yule mtoto," alisema. "Basi. Tutamlaumuje mtoto mchanga?" Akamkatia Nuanchan tonge la wali, maana ilikuwa sikukuu. Nuanchan alilipokea kwa mikono miwili, akalila.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi alifungua daftari, akayakata maneno ya daktari kwa mstari mmoja, akaandika chini yake: "Kichupa kilikaa mezani siku tatu. Niliona. Sikusema." Akatia sahihi, akaliacha daftari wazi kwenye meza ya daktari, dirishani, pale pale kilipokuwa kichupa.