Kisu Kisichouma

Saa tatu asubuhi, siku ya mnada Machochwe. Ng'ombe wanalia upande wa chini, vumbi linapanda, na Zablon Kisyeri ameketi juu ya tairi la lori akimwelekeza mkewe pa kukata.

"Fuata mkunjo wa tairi, Mama Nice. Kisu hakisukumwi, kinavutwa."

"Nakivuta, Baba Nice. Wewe angalia wateja," anajibu Boke bila kuinua uso.

Kwa miaka ishirini na sita kisu hicho kilikuwa cha Zablon. Wachungaji wa kuanzia hapa hadi Kisaka wamevaa katambuga zake, viatu vya tairi visivyoogopa miiba. Mnada ukichangamka, aliuza hata jozi kumi kwa siku. Leo, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, hawezi kufunga kifungo cha shati lake mwenyewe.

Ilianza kama jambo la kujivunia. Miaka mitatu iliyopita kisu kiliteleza kikamchana kiganja. Damu ikatiririka juu ya mpira, naye akaendelea kukata. Nyamhanga, rafiki yake wa rika moja, alikuwa amesimama pale. Akaita watu.

"Mura, njooni mwone mwanaume. Kisu kimeingia na jicho hakupepesa."

Kwa Wakurya, kijana husimama mbele ya kisu cha tohara bila kutikisika, na sifa ya siku ile humfuata hadi uzeeni. Zablon akasifiwa upya mnada mzima. Akanunuliwa soda.

"Ukweli ni kwamba sikuhisi kitu," anasema sasa, akivitazama vidole vyake. "Nilijua moyoni kuwa huo si ushujaa. Lakini ungekuwa wewe, ungewaambia?"

Hakuwaambia. Ganzi ikazidi, misumari ikawa inamponyoka. Kisha ikaja aibu ya miguu: fundi wa katambuga akawa anaacha katambuga yake njiani bila kujua, watu wanamletea kutoka nyuma huku wakicheka. Kwa alivyopepesuka, walevi wakamwita mwenzao. Yeye akaongeza mkanda wa kisigino. Kwa kuwa hapakuwa na kilichomuuma, alisema haumwi.

Mwaka huu, alipoanguka mlangoni kwake, Boke hakuomba ruhusa. Aliuza mbuzi, wakapanda basi hadi hospitali ya rufaa Mwanza.

Huko Daktari Winfrida alimwambia akunje na kukunjua ngumi haraka haraka. Ngumi ilifunguka polepole, kama mlango wenye kutu. Akamtembeza kwenye korido. Akamwonyesha picha: mifupa ya shingo iliyochakaa ilikuwa imeibana njia kuu ya mishipa ya fahamu iendayo mikononi na miguuni.

Zablon alikuwa na swali moja tu. Akipasuliwa, atashika kisu tena?

"Mzee wangu, sitakudanganya," daktari akamjibu. Akamweleza kwamba kabla ya kupasua hupima matarajio: umri wa mgonjwa, anavyotembea, na hasa ugonjwa umekaa muda gani. "Miguu yaweza kupata nafuu kidogo. Mikono siitegemei sana. Tunapasua ili usiishie kitandani. Ungekuja ulipojikata mara ile, ningekuwa na maneno mengine."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkosesha usingizi. Njiani kurudi aliapa hapasuliwi. "Kama mikono hairudi, nikatwe shingo ya nini?"

Boke alimwacha aseme hadi amalize.

"Fisi akishachukua ndama mmoja," akasema, "utamfungulia zizi amalizie na wengine?"

Upasuaji ni Jumatatu ijayo.

Nyamhanga siku hizi haji kupiga soga tu. Anamshikia Boke tairi lisicheze.

"Mimi ndiye niliyeita watu," anasema, bila kuulizwa.

"Uliita," Zablon anamjibu. "Lakini soda nilikunywa mimi."

Wanacheka wote wawili, kisha kila mmoja anatazama pembeni.

Matumaini ya Zablon yamepungua, ila hayajaisha. "Naomba nitoke huko kwa miguu yangu mwenyewe. Nirudi nikae hapa hapa, nimwangalie mama huyu akikata. Kisu sikidai tena."

Rubeni, mchungaji kutoka Kisaka, amefika na wenzake. "Shikamoo mzee." Anajaribu jozi aliyoigonga Boke, anatembea hatua chache, uso mkavu. Zablon anakitazama kisigino cha mchungaji huyo.

"Kuna msumari unakuchoma?"

"Kawaida tu, mzee."

"Sikuuliza kama ni kawaida. Unauma?"

Rubeni anawageukia wenzake, anatabasamu kwa haya.

"Unauma, mzee."

"Basi vua," anasema Zablon, na kwa kiwiko anaisogeza nyundo karibu na Boke.