Alichosema Binti Aliyezama

"Basi kama yule marehemu hakuwa na haki ya kudai, alirudi kufanya nini?" Kinyozi alikuwa ameshauliza hivyo mpaka mate yamemkauka, na bado alisimama katikati ya banda la video, kitana kimechomekwa nyweleni, wateja wake wakimsubiri dukani na ndevu zao nusu nusu.

Binti yangu, ambaye hukaa mlangoni kukata tiketi, akamwambia kurudi si kushtaki. Yeye alitazama onyesho la mchana, na mwishoni mwa picha yule binti aliyezama hakumgusa rafiki yake, alimuaga tu, akamwambia asilie. Kinyozi akasema labda mchana binti yangu alikuwa amelala. Jioni, mbele ya banda zima, marehemu alimnyooshea rafiki yake kidole na kutamka kwamba ni yeye aliyemsukuma majini. Picha ile ile, runinga ile ile, na kila mmoja yuko tayari kuapa.

Mimi nilikuwa benchi la mbele nimekunja miguu. Nikawaambia mimi yule mzimu simpendi kwa jambo jingine. Kila anapotokea analowanisha sakafu ya bweni kwa zile nywele zake, halafu hapigi deki. Nani alimlea? Hakuna aliyecheka. Hapo nikajua hali ni mbaya, maana utani huo huo juzi ulimwangusha mtu kwenye benchi.

Mwenye kujua jibu alikuwa nyuma ya meza ya deki ya video, anasokota waya ambao ulikuwa umekwisha kusokotwa. Huyo ni mkwe wangu. Watu humwita Redio.

Redio alianza maisha kama kuli wa ghala, akibeba magunia. Kazi ingemfaa kama asingekuwa na ule mdomo. Alikuwa akiiga sauti ya msimamizi, makuli wakitua mizigo wacheke, mpaka siku msimamizi alipopita nyuma yake na kujisikia akiongea. Alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Mwenye banda la video, aliyekuwa akipita na mkokoteni, akamwokota pale pale langoni na kumpa kipaza sauti.

Tangu hapo kazi yake ni kutafsiri picha za nje. Anapunguza sauti ya runinga hadi ibaki kama mbu, anakaa kwenye kigoda pembeni, uso ameuelekeza kwetu, na anamsemea kila mtu: mwalimu, polisi, mtoto mchanga, bibi mwenye kikohozi. Akitaka sauti ya msichana anabana pua kwa vidole viwili. Siku moja aliiga mvua, nyumba zote za jirani zikaanua nguo. Siku nyingine aliiga mbwa, mbwa wa mtaa wakaingia wakakaa benchi la nyuma, na mmoja wao, msiniulize, alitoka katikati akisema picha haina mantiki.

Sasa picha yenyewe ni hii. Wanafunzi wa shule ya bweni, wakubwa wakubwa tu, ndevu zinaota lakini akili bado. Mwenzao mmoja anazama kwenye tangi la maji la shule. Mwaka unapita, anaanza kuonekana kwenye vioo, na kila anayemwona hafiki asubuhi. Mwishoni anabaki yule rafiki yake wa karibu peke yake bafuni. Marehemu anasimama mbele yake, anaongea maneno marefu, ananyoosha mkono. Rafiki analia. Kisha runinga inakuwa nyeupe, imekwisha.

Vijana walisema inatisha. Mwenye duka la dawa alisema mwanga hafifu, haoni kitu. Mzee mmoja alisema walimu wa shule ile wangefungwa wote. Maoni kama hayo hayana madhara, mtu anatoka nayo, anayasahau njiani. Tabu ni kwamba jioni ile Fundi naye alikuja.

Fundi ni mama mshonaji wa njia ya sokoni, yule mwenye cherehani ya kukanyaga. Mwaka jana binti yake alizama kwenye shimo la machimbo ya kokoto lililojaa maji. Alikwenda na rafiki yake, binti wa mwashi. Binti wa mwashi akarudi peke yake, amelowa, sketi ya shule imechanika kuanzia kiunoni, akasema mwenzake aliteleza, alijaribu kumvuta, walishikana sketi ikatatuka. Tuliamini wote. Fundi mwenyewe aliamini. Matanga yalipokwisha, nguo ya kwanza kukaa kwenye cherehani yake ilikuwa sketi mpya ya yule mtoto. Alimvalisha kwa mikono yake, akamfunga kifungo, wakalia.

Baada ya hapo hakutoka nyumbani ila kwa kazi. Jioni ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Alikaa nyuma kabisa, futi ya kupimia bado iko shingoni. Marehemu wa kwenye runinga aliponyoosha kidole na kusema kwa sauti ya Redio ya kubana pua, "Wewe ndiye uliyenisukuma," nilimwona Fundi anasimama. Hakusubiri mwisho.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa mwashi, anadai sketi. Hakupiga kelele. Alimwambia yule mtoto, "Mwenzako amesema. Nivulie." Mtoto alivua, akampa, akarudi ndani na kanga ya mama yake kiunoni, na tangu hapo hajaonekana shule.

Ndipo maoni juu ya picha yakawa maoni juu ya mtu. Watu hawakuuliza tena kama umeipenda picha. Waliuliza upo kwa nani. Waliotazama jioni walisema sura ya binti wa mwashi tangu zamani ina kitu. Mlango wa mwashi ulipakwa masizi. Mdogo wake alifukuzwa bombani na ndoo tupu, eti maji wamekwisha kunywesha watu ya kutosha. Na siku hiyo tunayogombana bandani, kaka zake Fundi walikuwa wameshashuka kutoka kwao, wanaume wenye shingo kama mbuyu, wamekaa kwa dada yao wanasubiri aseme neno moja tu.

"Nyie endeleeni," binti yangu alisema. "Yule mtoto wataenda kumtoa ndani. Baba watoto, acha huo waya. Sema. Mwishoni yule marehemu anasema nini?"

Kinyozi akaitikia kwamba naam, aseme, aibu imshike anayestahili.

Redio akaweka waya mezani. Akatutazama mmoja mmoja, kama anavyotutazama wakati wa kazi, na mimi nilikuwa nimeyazoea macho yale nikidhani ni adabu. Siku hiyo nikaona anachotafuta. Anatafuta tunataka kusikia nini.

"Sijui," alisema.

Kinyozi akauliza hajui nini.

"Sijui wanachosema. Hiyo lugha siijui, sijawahi kuijua hata picha moja. Nawaangalia nyie. Mchana watoto walikuwa wanatetemeka, mmoja ameshajikojolea, nikamfanya marehemu amuage rafiki yake. Jioni mlikuwa mnapiga mabenchi mnataka damu. Wewe Kinyozi ndiye uliyepiga zaidi. Nikawapa."

Binti yangu amelala kitanda kimoja na mtu huyu miaka yote, amezaa naye, amemchemshia maji ya chumvi ya koo kila jioni, na nilivyomwona usoni, hata yeye lilimfikia siku hiyo hiyo. Alikaa chini juu ya kreti ya soda, tiketi mkononi, anazikunja.

Kinyozi alichomoa kitana, akakirudisha. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kwamba ile habari ya masizi mlangoni si yeye. Hakuna aliyemuuliza.

Mimi nikaingia kazini. Nikamwambia mkwe wangu asihangaike, jambo ni jepesi kama kumenya ndizi. Leo hii aonyeshe tena ile picha, amwite Fundi na kaka zake wakae mbele, na safari hii marehemu aseme aliteleza. Aseme na sketi. Aseme rafiki yangu alinivuta mpaka nguo ikachanika. Atie na machozi. Mtoto wa mwashi atapona, banda litapona, na mdomo wake utaendelea kula. Maneno ya watu waliokufa, nikamwambia, nimeyatengeneza matangani tangu kabla hajazaliwa, na hakuna marehemu hata mmoja aliyewahi kuja kulalamika.

"Mama," alisema Redio, "na hayo nitakuwa nimeyatunga mimi."

"Ndiyo. Lakini yatakuwa mazuri."

"Na kaka zake wakisema mbona juzi alisema vingine?"

"Utasema juzi alikuwa na hasira."

Binti yangu akasema basi, mama, nyamaza. Sijawahi kuambiwa hivyo naye. Akamwambia mumewe kwamba akikiri, watu hawatarudi hapa, na kesho hajui watapika nini. Asipokiri, hataweza kupita mbele ya nyumba ya mwashi. Akasema yeye hamwambii achague lipi, ila tiketi za jioni hatazikata mpaka ajue.

Redio alishika kipaza sauti, akakipima mkononi kama mtu anayepima nyama. Kinyozi akaanza kusema kwamba pengine ipo njia ya katikati, kwamba yeye anaweza kwenda kuongea na wale kaka, wawili anawanyoa, na kwamba hakuna haja watu wote wajue kila kitu, na kwamba

Pazia la mlango likavutwa. Fundi akaingia peke yake, futi shingoni, ile sketi ameikunja vizuri na kuikumbatia kifuani. Nje, kwenye jua, vivuli vya kaka zake vilisimama bila kuingia.

Hakutusalimu. Alikuja mpaka benchi la mbele, akakaa karibu nami, akaiweka sketi mapajani na kuilainisha mkunjo kwa kiganja, kama bado iko kwenye meza ya kazi.

"Iwashe," alimwambia Redio. "Pale mwisho. Nataka nimsikie tena."

Redio akawasha runinga. Kisha akachomoa waya wa kipaza sauti, akaupandisha ule mlio wa mbu mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza bandani kwetu tukamsikia yule binti aliyezama anaongea mwenyewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyeelewa neno. Fundi akageuka kumtazama mkwe wangu, anasubiri. Naye akafumbua mdomo, mikono yote miwili ikiwa chini, pua hajaibana, kusema la kwake mwenyewe.